Siku ya Tatu Mpe Jembe: Huruma, Undugu na Uponyaji katika Historia ya Dagoretti

Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha pili katika shule moja ya hapa Dagoretti. Muhula wa kwanza ulipoanza niliarifiwa faraghani, kwa idhini ya mlezi, kwamba mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI na kwamba alikuwa akimeza dawa kila siku. Nilimhurumia. Jioni hiyohiyo niliichukua orodha ya zamu za usafi nikalifuta jina lake. Nilidhani nimetenda wema.

Wiki mbili baadaye niliwapa wanafunzi insha ya methali: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Takribani darasa zima lilieleza ubaya wa mgeni mvivu anayewamalizia wenyeji chakula. Insha moja tu ilikwenda njia nyingine. Ilisimulia kisa cha msichana aliyekaa mlangoni akiwatazama wenzake wakipiga deki, huku kila mmoja akimwambia apumzike, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Mwishoni msichana huyo aliomba ndoo. Mwandishi wa insha hiyo ndiye niliyekuwa nimemfuta orodhani. Wengine walieleza uvivu wa mgeni. Yeye alieleza uchungu wa mgeni ambaye siku ya tatu, ya nne na ya kumi imepita na bado hajapewa jembe. Jumatatu iliyofuata nililirudisha jina lake kwenye zamu. (Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, naye ameridhia kisa kisimuliwe.)

Makala haya yamezaliwa na insha hiyo. Yanadhamiria kuonyesha kwamba huruma peke yake haimponyi aliyetengwa, na kwamba kinachomponya ni kupokewa hadi akawa mwenyeji: akawa na jina, mahali pa kulala na sehemu yake ya kazi. Sitatoa hoja hii katika vitabu teule kwanza. Nitaitafuta katika historia ya eneo hili tunalofundishia, kisha nirudi darasani, kwa sababu watahiniwa wetu hupoteza alama nyingi wanapoulizwa kuhusu huruma, utu na ukarimu, na kosa lao ni lilelile nililolifanya mimi na orodha ya zamu.

Huruma na undugu: maneno yenyewe

Tuanze na sarufi, kwani ndiyo nyumba yetu. Kitenzi hurumia kina kauli ya kutendwa: hurumiwa. Katika tendo hili kuna aliye juu na aliye chini, anayetoa na anayepokea. Kwa muda mrefu walimu wa Kiswahili wamebishana iwapo aliyepatwa na janga aitwe mwathiriwa, kutokana na athiriwa, au mwathirika, kutokana na athirika. Mjadala huo una maana yake, lakini maneno yote mawili yana kasoro moja: yanamweleza mtu kwa jambo lililompata, wala hayasemi anaweza kutenda nini.

Sasa linganisha na kauli ya kutendana: saidiana, zikana, juliana hali, hurumiana. Hapa hakuna wa juu wala wa chini. Neno ndugu nalo ni la aina hiyo ingawa ni nomino. Huwezi kuwa ndugu wa mtu ambaye yeye si ndugu yako. Unaweza kumhurumia mtu bila yeye kujua, lakini huwezi kuwa na undugu naye bila yeye kushiriki. Tofauti hii ndogo ya kisarufi ndiyo itakayotuongoza katika historia inayofuata.

Undugu wa kuchanjia, 1890

Kabla ya reli kufika Nairobi mwaka 1899, na kabla ya kuwako mji wenyewe, Dagoretti ilikuwa ikijulikana kwa misafara. Misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda ilipita pembezoni mwa nchi ya Wakikuyu, ikanunua chakula hapa kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Hapa palikuwa mpakani mwa Wakikuyu na Wamasai, na watu wa mpakani huwa na desturi za kumpokea mgeni. Miongoni mwa Wakikuyu kulikuwa na desturi ya muhoi: mtu asiye na shamba aliweza kukaribishwa na ukoo usio wake na kupewa sehemu ya kulima kwa urafiki, bila kulipa kodi. Kwa maneno mengine, mgeni alipewa jembe na mahali pa kulitumia.

Watu wa pwani nao walikuwa na njia yao ya kumgeuza mgeni kuwa jamaa: undugu wa kuchanjia. Wawili walichanjwa, damu zikachanganywa, wakala kiapo cha kutodhuriana. Desturi za namna hiyo zilienea bara na pwani, na wafanyabiashara wa misafara walizitumia kupata njia salama.

Mnamo Oktoba 1890 afisa Mwingereza Frederick Lugard, aliyetumwa na Kampuni ya Imperial British East Africa, alifika Dagoretti akakutana na Waiyaki wa Hinga, kiongozi mashuhuri wa sehemu hiyo. Wawili hao walikula kiapo cha undugu, na Lugard akajenga ngome. Muda mfupi baadaye aliondoka kuelekea Uganda, akawaacha watu wa kampuni ngomeni. Waliobaki wakaanza kuwapora wenyeji mazao na mifugo. Ngome ikashambuliwa, na mwaka 1891 ikahamwa na kuteketezwa. Mwaka huohuo kampuni ikajenga ngome nyingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa katika ngome hiyo mpya baada ya mzozo uliomwacha na jeraha. Alipelekwa chini ya ulinzi kuelekea pwani, lakini hakufika. Alifia Kibwezi.

Nimekianza kisa cha Dagoretti hapa kwa sababu kinatufundisha jambo ambalo makala ya kusifu undugu husahau. Undugu unaweza kutamkwa ukavunjwa. Ahadi ni deni, na deni hili halikulipwa. Tendo lililoanza kwa kauli ya kutendana, kuchanjiana, liliishia katika kauli ya kutendwa: Waiyaki alikamatwa, alifungwa, alihamishwa. Kumbuka pia kwamba hapakukosekana maneno matamu wala sherehe. Kilichokosekana ni mwenendo wa kila siku ulioambatana na kiapo. Anayeponywa na undugu ni yule anayeuona asubuhi ya pili, ya tatu na ya mia moja.

Kutoka mgeni hadi mzururaji

Mji wa Nairobi ulipokua, mgeni alipata jina jipya. Serikali ya kikoloni iliwataka wanaume Waafrika wabebe kipande, na sheria ya uzururaji ikamfanya asiye na kazi wala makao yanayojulikana kuwa mkosaji. Mtu hakuhitaji kuiba wala kupigana. Kukosa pa kukaa kulikuwa kosa tosha. Sheria hiyo haikuondoka na mkoloni. Ilibaki katika vitabu vya sheria vya Kenya huru hadi ilipofutwa mwaka 1997, katika mageuzi yaliyofanywa kabla ya uchaguzi mkuu wa mwaka huo.

Watoto hawakusalimika. Kabete, jirani yetu, kuna shule ya kurekebisha tabia ya wavulana, na Dagoretti yenyewe kuna ya wasichana. Kwa miaka mingi mfumo wa shule hizo ulipokea watoto waliovunja sheria pamoja na wale ambao shida yao ilikuwa kukosa malezi tu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilijaribu kutenganisha mambo hayo mawili, ikatambua kwamba mtoto anayehitaji ulinzi si mhalifu. Si haki kuwalaumu walimu wa shule hizo, ambao wengi waliwafunza watoto stadi za maana. Lakini tujiulize: mtoto aliyekamatwa kwa sababu hana nyumba anajifunza nini kuhusu yeye mwenyewe? Anajifunza kwamba kuwako kwake ni kosa.

Lugha ya mtaani iliitikia kwa neno chokoraa. Masikio ya Nairobi huliunganisha neno hilo na kitenzi chokora, yaani kuchokonoa kwa ncha, kwa kuwa watoto hao walionekana wakichokora majalala. Tazama jinsi jina linavyotenda kazi. Mtoto ana jina alilopewa na mamaye, ana kijiji alikotoka na wimbo anaoupenda. Jina moja linayafuta yote hayo, likamwachia jalala. Kila mwalimu wa fasihi anajua uzito wa majina ya wahusika. Hapa ni mji mzima uliowapa watoto wake jina la majazi.

Undugu wa pili, 1973

Mwaka 1973 padre Mholanzi, Arnold Grol, alianzisha jijini Nairobi shirika la kuwasaidia wavulana wa mitaani. Wengi wao walijipatia senti kwa kuwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha, na watu wakawaita kwa Kiingereza "parking boys". Kati ya majina yote ambayo yangeweza kuchaguliwa, shirika lilichukua jina Undugu. Hawakuliita Huruma wala Msaada. Sijui kama waanzilishi waliwaza sarufi, lakini jina lilibeba ahadi nzito kuliko chakula na blanketi.

Shirika la Undugu lilifanya mambo mawili yanayohusu hoja yetu. Kwanza, lilianzisha masomo ya msingi kwa watoto ambao umri na maisha yao hayakuwaruhusu kukaa katika darasa la kawaida. Pili, liliwaweka vijana chini ya mafundi wa jua kali wajifunze ufundi palepale penye kazi. Tafakari tofauti iliyopo kati ya kijana anayepewa sarafu mlangoni mwa gari na kijana anayeitwa na fundi, "Nipe nyundo." Sarafu inasema: nimekuona, sasa nenda. Nyundo inasema: kesho uje mapema. Methali yetu ilitimia mtaani: siku ya tatu mgeni alipewa jembe.

Serikali nayo ilichelewa lakini ilifika. Mwaka 2003, baada ya utawala kubadilika, ulianzishwa mfuko wa kuzirekebisha familia za mitaani, na vijana kadhaa wa mitaani wakapelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kupata mafunzo. Ukipita Kawangware leo, pale kituo cha 46, utaona kwamba tatizo halijaisha. Hata hivyo, mabadiliko ya fikra yalikuwa makubwa: aliyekuwa akishtakiwa kwa uzururaji hadi mwaka 1997, miaka sita baadaye alipewa sare na zamu.

Nyumbani, Lea Toto na mlango wa shule

Sehemu ya historia hii iliyo nzito kuliko zote ni ya watoto waliozaliwa na virusi vya UKIMWI. Wasomaji vijana hawakuziona siku hizo, hivyo inafaa tuzikumbushe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtoto mchanga aliyepatikana na virusi na ambaye wazazi wamefariki au wamemwacha hakuwa na pa kupelekwa. Hata makao ya watoto yalimkataa. Padre Angelo D'Agostino, Mjesuti kutoka Marekani aliyekuwa pia daktari, aliuona ukatazo huo. Mwaka 1992, pamoja na mtawa Mary Owens, alianzisha makao ya kuwapokea watoto hao. Makao hayo, ambayo yako Karen, yalipewa jina Nyumbani. Neno hilo lina kiambishi cha mahali, -ni. Halitaji hali ya mtoto, linataja alipo.

Miaka ya mwanzo kazi kubwa ilikuwa kumsindikiza mtoto kwa upendo hadi kaburini. Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999. Mwaka 2001 Bunge lilipitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza nchini dawa za bei nafuu za kupunguza makali ya virusi. Dawa zilipoanza kupatikana, watoto waliotarajiwa kufa wakaanza kukua. Hapo ndipo swali jipya lilipozuka, swali ambalo huruma haikuwa imejiandaa kulijibu: mtoto huyu aliyeponea chupuchupu atasoma wapi?

Januari 2003 elimu ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure kwa kila mtoto wa Kenya. Lakini watoto wa Nyumbani walipotafuta nafasi katika shule za umma walikataliwa. Makao yakaenda mahakamani. Januari 2004 kesi hiyo iliishia kwa makubaliano: serikali ilikubali watoto hao wasajiliwe kama wengine. Padre D'Agostino alifariki Novemba 2006, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, iliyopiga marufuku kumnyima mtu nafasi shuleni kwa sababu ya hali yake.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Watu waliowakataa watoto hao hawakuwa wakatili wote. Wengi wao wangetoa sadaka kanisani kwa ajili ya yatima walewale. Walikuwa na huruma, lakini ilikuwa huruma ya umbali. Iliweza kutuma mchele Karen, lakini haikuweza kukubali dawati moja likaliwe na watoto wawili. Kesi ya 2004 haikudai huruma zaidi. Ilidai dawati, jina kwenye rejista na, bila shaka, jina kwenye orodha ya zamu.

Kwa upande wetu wa Dagoretti, kazi ya Nyumbani ilifika kwa njia nyingine. Mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa Lea Toto, unaowahudumia watoto wenye virusi wakiwa kwao katika mitaa kama Kangemi, Kawangware na Dagoretti. Jina lake ni amri nyepesi ya Kiswahili cha mtaani: lea mtoto. Mpango huo ulikiri ukweli mmoja, kwamba makao hayawezi kuwachukua watoto wote, na kwamba pahali bora pa mtoto ni kwa nyanya, shangazi au jirani, mradi mlezi huyo ashikwe mkono. Wahudumu hutembea nyumba kwa nyumba. Huko wanaona kama dawa imemezwa, kama kuna chakula cha kuimezea, na kama mlezi mwenyewe bado ana nguvu. Dawa za virusi humezwa maisha yote, na mtoto asiye na mtu wa kumuuliza "umemeza?" ni rahisi kukata tamaa. Hapa ndipo undugu na tiba vinaposhikana. Undugu hauui virusi, lakini humfanya mtu aone sababu ya kumeza dawa kesho.

Mfano mwingine unatoka Kitui, ambako Nyumbani ilianzisha kijiji cha mayatima na wazee. Katika nyumba za kijiji hicho, bibi au babu aliyefiwa na wanawe hukaa na watoto waliofiwa na wazazi, na baadhi yao si wajukuu wake wa damu. Nani hapo anamhurumia nani? Mzee anampikia mtoto, mtoto anamchotea mzee maji. Jeraha moja limekutana na jeraha lingine, na kila mmoja amepata jembe.

Kikaragosi kilichotaka kuwa mtoto

Walimu wa tamthilia watapendezwa na tukio moja zaidi. Shirika la Amref lilikuwa na kituo cha watoto wenye shida hapa Dagoretti. Mwaka 2004 mwongozaji wa michezo ya jukwaani kutoka Italia, Marco Baliani, aliandaa pamoja na shirika hilo mchezo ulioitwa Pinocchio Nero, yaani Pinocchio Mweusi. Waigizaji walikuwa vijana wa mitaani wa Nairobi. Waliuigiza hapa nyumbani na pia Italia.

Hadithi yenyewe iliandikwa na Carlo Collodi na kutolewa kama kitabu mwaka 1883. Ni ya kikaragosi cha mti kinachotamani kuwa mtoto wa kweli. Kinatoroka, kinadanganywa, kinageuka punda, kinamezwa baharini. Si vigumu kuona kwa nini hadithi hiyo ilifaa. Mtoto wa mitaani hutazamwa kama kitu, na anachotamani ni kuonekana mtu. Lakini wengi husahau jinsi kikaragosi kilivyogeuka mtoto. Hakikugeuka kwa kuhurumiwa. Mwishoni mwa hadithi kinafanya kazi nzito ya kuteka maji ili kipate bilauri ya maziwa kwa ajili ya Geppetto, mzee aliyekichonga, ambaye sasa ni mgonjwa. Siku kilipoanza kumtunza mwingine ndiyo siku kilipokaribia utu.

Vijana waliosimama jukwaani walifanya jambo kama hilo. Kwa muda wa mchezo mtazamaji ndiye aliyepokea na wao ndio waliotoa.

Pingamizi

Msomaji anaweza kuuliza: je, hoja hii haihatarishi wanyonge? Si kuna yatima wangapi mjini waliochukuliwa "kulelewa" na wakapewa ndoo, fagio na mtoto wa kubeba, bila shule wala mshahara? Pingamizi hili ni la haki. Ndiyo maana methali yetu haikusema "siku ya kwanza mpe jembe". Siku mbili za mwanzo mgeni hulishwa, huoshwa miguu, huulizwa habari. Jembe huja baada ya mapokezi, na shamba analolima ndilo linalomlisha yeye pia. Kumpa mtu kazi bila kumpa nafasi mezani ni utumwa. Kumpa nafasi mezani milele bila kumpa kazi ni kumweka ugenini. Undugu hudai yote mawili, na kwa mpangilio huo.

Historia hii na vitabu vyetu

Turudi sasa darasani. Chukua Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022. Mtahiniwa akiulizwa kuhusu huruma, aghalabu huorodhesha waliotoa misaada, akakoma. Jibu lililokomaa litaenda mbali zaidi. Mwangeka na Apondi wanapompanga Umulkheri, hawampi hisani tu. Mwangeka mwenyewe alimpoteza mke na mtoto katika moto uliofuata uchaguzi. Nyumba inayompokea Umu ni nyumba iliyojeruhiwa, na kuja kwake kunawaponya waliompokea. Hata kitenzi kupanga kinatusaidia: kumpanga mtoto ni kumwekea nafasi yake katika safu ya jamaa.

Linganisha na Dick, nduguye Umu. Yeye naye alipewa kazi, lakini kazi yenyewe ilikuwa kusafirisha dawa za kulevya kwa faida ya watu walionunua maisha yake. Huo ndio mfano wa jembe bila mapokezi, na mtahiniwa anayeweza kuwaweka Umu na Dick kwenye mizani moja ataonyesha kwamba ameelewa maudhui, hakukariri tu.

Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili anatoka Tanga kumtafuta baba asiyemjua. Safari yake ni ya kutafuta pa kuwa wa mtu. Msomaji wa Dagoretti anaielewa haraka, kwa maana mitaa yetu imejaa watu waliosafiri kutoka kila pembe ya nchi. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, tuliona Kawangware jinsi jirani wa miaka mingi anavyoweza kuambiwa ghafla kwamba yeye ni mgeni. Fasihi inayohoji nani ni mwenyeji haizungumzii watu wa mbali.

Nawashauri watahiniwa wajiulize maswali matatu kila wanapomtathmini mhusika mwenye huruma. Je, anayesaidiwa anaitwa kwa jina lake au kwa jina la shida yake? Je, amepewa nafasi ya kudumu au ya siku mbili? Je, naye anatoa kitu, au anapokea tu? Ukiyajibu matatu hayo kwa mifano kutoka kitabuni, utakuwa umejadili huruma kama mhakiki.

Hitimisho

Tumeona Dagoretti ikitamka undugu mwaka 1890 na kuuona ukivunjwa. Tumeona mji ukimfanya mgeni kuwa mhalifu, kisha ukijifunza polepole kumpa nyundo, dawati na jukwaa. Katika kila hatua, aliyetengwa alianza kupona pale alipohesabiwa miongoni mwa wenye nyumba.

Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni alimaliza kidato cha nne. Alipokuwa kidato cha tatu alichaguliwa na wenzake kuwa kiongozi wa usafi, na ikawa kazi yake kuandika orodha ya zamu. Jina la kwanza aliloliandika lilikuwa langu. Nilipiga deki darasa Ijumaa ile, wanafunzi wakicheka, naye akisimama kando akinionyesha pembe nilizoziruka.

Maswali ya kujadiliwa

1. "Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe." Eleza jinsi methali hii inavyoweza kuwa ya ukarimu badala ya ukali.

2. Fafanua tofauti iliyopo kati ya hurumiwa na hurumiana, kisha utumie tofauti hiyo kumtathmini mhusika mmoja katika riwaya uliyoisoma.

3. Kazi bila mapokezi ni utumwa. Jadili kauli hii kwa kurejelea hali ya Dick katika Chozi la Heri.

4. Chunguza majina wanayopewa watu waliotengwa mahali unapoishi. Majina hayo yanaficha nini kuwahusu?